Lori la zamani linavuja oili kidogo: tafuta chanzo kabla ya kufungua chochote

Malalamiko huwa ni yale yale. Dereva anafika, anainama, ananyoosha kidole chini ya nyumba ya klachi: "Fundi, sili ya nyuma imekufa." Mara nyingi ameshaambiwa hivyo na watu watatu kabla yako. Mimi mwenyewe niliwahi kukubali bila kubisha. Tukashusha giaboksi, tukatoa klachi na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), tukapachika sili mpya ya krenki, yaani mpira unaozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea nyuma, tukarudisha kila kitu. Siku mbili nzima. Asubuhi ya tatu tone lilikuwa pale pale, kama halijaguswa. Chanzo kilikuwa swichi ya presha ya oili, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kilichofungwa nyuma ya bloku (mwili wa injini), kinachofunguka kwa spana moja. Oili ilikuwa inapenya kwenye kichwa chake cha plastiki, inateremka ukutani mwa bloku, inaingia kwenye ungio la nyumba ya klachi, halafu inadondokea chini kabisa kana kwamba ilizaliwa hapo.

Oili hushuka kwa uzito wake, na lori likitembea upepo huisukuma kuelekea nyuma. Kwa hiyo pale inapodondokea ni mwisho wa safari. Unachotafuta ni sehemu iliyolowa ambayo iko juu kuliko zote na mbele kuliko zote. Mengine yote hapa chini yanafuata kanuni hiyo.

Kwanza hakikisha ni oili ya injini

Tandika kartoni safi chini ya injini usiku kucha. Weka alama ya mkao wa tairi la mbele ili asubuhi ujue kila doa liko chini ya kitu gani. Halafu paka doa kwenye vidole, lisugue, linuse.

Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi, inateleza, ina harufu ya masizi. Oili ya giaboksi au difu ni nzito na inanuka kama kiberiti. Ukishainusa mara moja huisahau. Ya usukani wa pawa mara nyingi ni nyekundu. Maji ya rediata yenye dawa yana harufu tamutamu na yanakauka yakiacha unga wa rangi. Dizeli ni nyepesi na harufu yake haijifichi. Nimeona watu wakihangaika na gasketi za injini (vizibo bapa vya kwenye maungio) wiki nzima, kumbe kinachovuja ni hozi ya usukani iliyo juu yake.

Pili, pima wingi. Mililita moja ya oili ni matone 20 au zaidi, kwa hiyo lita moja ni matone yasiyopungua 20,000. Lori linaloacha matone matano kila asubuhi halijapoteza hata mililita mbili kwa wiki. Sasa kama kijiti cha kupimia kinaonyesha lita nzima imepotea wiki hiyo hiyo, matone yale siyo mwizi wako. Oili inatoka lori likiwa linatembea, au inaungua ndani. Pima lori likiwa kwenye sakafu sawa, injini imezimwa angalau dakika kumi, na andika kilometa pamoja na kila lita unayoongeza. Daftari hilo litakusaidia kuliko macho.

Tatu, ugawe uvujaji kwa ukali wake. Jasho ni unyevu uliokamata vumbi, haufiki chini; kwa injini ya miaka mingi hilo ni la kufuatilia tu. Tone ni la kutafutwa chanzo. Mtiririko unaouona kwa macho injini ikiwaka ni wa kuzima injini sasa hivi.

Acha na ita fundi mwenye vifaa ukiona mojawapo ya haya: taa ya presha ya oili inawaka au geji imeshuka, oili inafika kwenye manifodi ya ekzosi au kwenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini), oili iko ndani ya mfumo wa breki, oili imekuwa na rangi ya kahawia iliyopauka, nzito kama krimu, maana imechanganyika na maji, au kiwango kwenye kijiti kinapanda badala ya kushuka.

Na usilale chini ya lori lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi, zuia magurudumu kwa kabari, vuta breki ya maegesho. Kama kebini inainuliwa, hakikisha komeo lake limeshika kabla hujaingiza kichwa.

Safisha, paka poda, subiri

Kwenye injini chafu huwezi kutambua chochote, kwa sababu kila mahali pamelowa. Funika alteneta, mdomo wa kuingizia hewa na viungio vya nyaya kwa mifuko ya plastiki. Injini ikiwa vuguvugu, siyo ya moto, pulizia dawa ya kusafishia injini, sugua kwa brashi, suuza kwa maji yenye nguvu ndogo. Usitumie petroli. Mvuke wake hulipuka kwa cheche moja, na cheche haikosekani kwenye lori.

Ikikauka, nyunyiza poda ya watoto kwenye maungio unayoyashuku. Washa injini dakika kumi na tano bila kukanyaga mafuta, zima, angalia kwa tochi na kioo kidogo. Poda nyeupe ikipata oili inakuwa na mstari mweusi, na mstari una mwanzo. Kama hakuna kitu, endesha kilometa chache kisha angalia tena. Kwa uvujaji mkaidi kuna rangi maalumu inayomiminwa ndani ya oili na kung'aa chini ya taa ya zambarau. Inafaa sana pale ambapo mkono wala kioo havifiki.

Zingatia pia wakati. Oili inayotoka injini ikiwaka na kukoma ikizimwa, hiyo iko kwenye njia ya presha au inarushwa na kitu kinachozunguka. Oili inayodondoka usiku lori limelala, hiyo inashuka kwa uzito wake tu: sampu (bakuli la oili chini ya injini), nati ya kumwagia, kona za chini za gasketi. Jibu la swali hilo moja linakupunguzia nusu ya kazi.

Kabla ya sili yoyote, angalia pumzi ya injini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoteza muda.

Kila injini hupitisha gesi kidogo pembeni mwa ringi za pistoni kwenda chini kwenye krenki. Gesi hiyo lazima itoke, na njia yake ni bomba la kupumulia. Kwenye malori mengi ya zamani ni bomba tupu linaloning'inia ubavuni mwa injini. Kwenye mengine lina chujio au vali na linarudi kwenye njia ya hewa. Bomba likiziba kwa tope la oili, kwa hozi iliyojikunja, au kwa nyigu aliyejenga kiota mdomoni, gesi inatafuta mlango mwingine. Sili na gasketi za injini zimetengenezwa kuzuia oili inayorukaruka, hazikutengenezwa kubeba presha. Basi oili inasukumwa nje kwenye ungio lililo dhaifu kuliko mengine. Ukibadilisha hilo, kesho inatokea kwenye linalofuata. Lori likianza kuvuja sehemu tatu kwa mwezi mmoja, usihesabu gasketi. Kagua pumzi.

Jaribio ni rahisi. Injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, legeza kifuniko cha kujazia oili, kigeuze kichwa chini na ukiweke juu ya tundu lake bila kukifunga. Shika tambara, maana injini nyingine hurusha oili kwenye tundu hilo. Kifuniko kikitikisika kidogo, salama. Kikirukia pembeni, au moshi ukitoka mfululizo, presha ndani imezidi.

Sasa fungua bomba la kupumulia, lisafishe kwa dawa na kijiti, kausha chujio lake au libadilishe, rudisha, jaribu tena. Kama kifuniko kimetulia, safisha injini na uendeshe wiki moja kabla ya kununua sili hata moja. Mara kadhaa uvujaji hukoma wenyewe. Kama bado kinaruka, ringi au silinda zimelika, na hapo inahitajika kupimwa kompresheni. Lakini usikimbilie ovaholi. Kompresa ya breki za upepo ikichoka ringi, nayo hupuliza hewa ndani ya krenki, na tabo iliyochoka vilevile. Fundi mwenye geji anaweza kutenganisha haya matatu kabla injini haijafunguliwa.

Dalili: juu ya injini pamelowa, kuna harufu ya oili inayoungua

Sababu ya kwanza ni ndogo mpaka inachekesha: mpira wa kifuniko cha kujazia oili umekauka, au mtu alimwagia oili nje wakati wa kuongeza. Futa, subiri siku moja.

Inayofuata, na ya kawaida kuliko zote, ni gasketi ya kava ya tapeti, kifuniko cha juu ya injini. Kwenye injini za zamani gasketi hii mara nyingi ni ya gome la koki. Joto la miaka huifanya isinyae na kuwa ngumu kama mbao, na bolti zinabaki zimelegea bila mtu kuzigusa. Jaribu kwanza kukaza kwa spana fupi, kidogo kidogo, ukianzia katikati kwenda pembeni. Nasema kidogo kwa sababu kosa kubwa hapa ni nguvu. Kava nyingi ni za bati. Ukikaza mno, bati linabonyea kwenye matundu ya bolti na kunyanyuka katikati ya bolti na bolti. Oili inapita hapo hapo, na kadiri unavyozidi kukaza ndivyo inavyozidi kuvuja. Ukilegeza kava ya namna hiyo, iweke kifudifudi juu ya mbao ngumu na urudishe kingo kwa nyundo ndogo. Hakikisha ubapa wake kwa rula ya chuma kabla ya kuweka gasketi mpya. Safisha nyuso zote mbili hadi zikauke kabisa, na kama unatumia gundi, paka upande wa kava tu ili gasketi isihame.

Baada ya hapo kagua mpira wa bomba la kijiti cha kupimia pale linapoingia kwenye bloku. Hedi gasketi inaweza kuvujisha oili nje, ila ni ya mwisho kwenye orodha, na kuifungua hedi siyo kazi ya kubahatisha.

Hapa oili huwa juu ya ekzosi. Moshi mwembamba wa bluu ukitokea chini ya kebini kila unapopanda mlima, usisubiri safari iishe. Simama, zima, acha ipoe. Kizima moto cha unga kikae ndani ya kebini, mahali ambapo mkono unafika ukiwa umekaa.

Dalili: matone chini ya sampu, lori likiwa limelala

Anza na nati ya kumwagia oili. Washa yake (ringi bapa) ya shaba hubonyea ikikazwa na haipendi kutumika mara ya pili. Weka mpya kila unapobadilisha oili. Ukikosa mpya, ya shaba inaweza kulainishwa tena kwa kuipasha moto hadi iwe nyekundu hafifu, kisha kuiacha ipoe. Futa nati, funga karatasi laini kuizunguka, acha usiku. Karatasi ikilowa, umempata.

Ikiwa nyuzi za sampu zimelika, nati inazunguka bila kushika. Nati nene inayojichonga nyuzi zake ni suluhisho la kukufikisha nyumbani tu. Kwenye sampu ya alumini inaweza kupasua kabisa. Nyuzi mpya za kupachikwa ndiyo dawa, na ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Kisha bolti za sampu. Mtetemo huzilegeza, hasa za kona za nyuma. Zikaze kwa kubadilishana pande, kwa nguvu ndogo iliyo sawa. Kama bado inavuja, gasketi ndiyo imekufa, na kwenye malori kadhaa sampu haitoki bila kuinua injini kidogo au kufungua ekseli ya mbele. Pima uwezo wako kabla hujafungua bolti ya kwanza.

Neno kuhusu silikoni. Watu huimwaga kama vile ni bure. Uzi mwembamba wa milimita tatu hivi, unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti, unatosha. Inayobanwa kuingia ndani hukatika vipandevipande, inakwama kwenye chujio la pampu, na injini inakosa oili huku sampu imejaa. Nimeshuhudia krenki ikilika kwa sababu ya gundi hiyo, na mwenye lori alikuja awali kwa tone moja tu.

Mwisho kuna kutu na nyufa. Sampu ya bati iliyopigwa mawe hutoboka tundu la sindano chini ya rangi. Kwangua kwa bisibisi; pakibomoka, badilisha. Gundi ya chuma ni ya muda. Usichomelee sampu ikiwa bado kwenye lori.

Dalili: mbele pamelowa, mikanda inapiga kelele

Angalia umbo la uchafu. Oili iliyorushwa ikachora mviringo sambamba na puli ya krenki inatoka kwenye sili ya mbele. Iliyoshuka mstari mmoja upande mmoja inatoka kwenye kava ya taimingi (kifuniko cha mbele ya injini), au kwenye gasketi ya kitu kilichofungwa juu yake, kama pampu ya usukani au kompresa.

Sili ya mbele hubadilishwa bila kufungua injini, lakini puli ivutwe kwa kivutio chake, isipigwe nyundo. Ikishatoka, pitisha ukucha mahali ambapo mdomo wa sili ulikuwa unakaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja kama ya zamani. Mara nyingine inatosha kuipachika milimita mbili mbele au nyuma ili mdomo ukae kwenye chuma ambacho hakijalika; mfereji ukiwa mkubwa, kuna bushi nyembamba ya chuma inayovishwa juu yake. Mkanda ulioloana oili usiuoshe ukautumia tena. Unateleza, halafu unaoza.

Dalili: oili inatoka chini ya nyumba ya klachi

Hii ndiyo ya hadithi yangu, kwa hiyo utaona nimeweka sili ya nyuma mwishoni kwa makusudi.

Kwanza, oili iliyotoka juu: kona ya nyuma ya kava ya tapeti, swichi ya presha, kona za nyuma za sampu. Pitisha kidole kwenye ukuta wa nyuma wa bloku, juu ya ungio. Kikitoka na oili, acha giaboksi lilale.

Pili, sili ya shafti ya mbele ya giaboksi. Nusa. Kiberiti? Siyo injini.

Tatu, majimaji ya silinda ya klachi, ikiwa klachi ni ya kutumia majimaji. Kiwango kwenye kikopo chake kitakuambia.

Nne ndiyo sili ya nyuma ya krenki. Fungua kifuniko kidogo cha ukaguzi chini ya nyumba ya klachi, kama kipo, umulike flaiwili. Oili ikiwa upande unaotazama injini, ni sili ya krenki au kizibo cha nyuma ya kemushafti. Ikiwa upande wa klachi tu, rudi kwenye giaboksi. Klachi inayoanza kuteleza ukipanda mlima na mzigo inaweza kuonyesha kwamba oili imefika kwenye sahani yake.

Kabla ya kushusha kitu, fanya jaribio moja zaidi. Injini imezimwa, mtu mmoja akanyage klachi hadi mwisho na kuachia, mwingine atazame puli ya mbele. Ikionekana wazi inasogea mbele na nyuma, washa za kuzuia krenki zimelika. Sili mpya haitadumu mpaka hilo litengenezwe, na hilo siyo uvujaji mdogo tena. Kumbuka vilevile kwamba baadhi ya injini za zamani zina sili ya kamba iliyopakwa grafiti badala ya mpira. Kamba hutoka jasho kwa asili yake. Kuifukuza hadi ikauke ni kujitafutia kazi.

Giaboksi la lori linaweza kuzidi kilo 200. Bila jeki yake maalumu na watu wanaojua, usilishushe.

Dalili: ubavuni pamelowa, oili inatoka injini ikiwaka tu

Huu ndio upande wa presha, na ndio ninaouogopa kuliko sili yoyote. Sili mbovu inakuchafulia sakafu, lakini bomba la presha lililopasuka linamaliza oili ndani ya dakika chache na injini inakwama.

Filta ndiyo ya kwanza, hasa kama uvujaji ulianza siku oili ilipobadilishwa. Gasketi ya filta ya zamani hubaki imeng'ang'ania kwenye bloku, mpya inakaa juu yake, na gasketi mbili zikipandana hazishiki. Toa filta, tazama, pitisha kidole. Paka oili kwenye mpira mpya, zungusha mpaka uguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono, au kama filta yenyewe ilivyoandikwa. Spana ya filta ni ya kufungulia. Kama filta yako ni ya bakuli na kikapu, hakikisha ringi ya zamani imetoka yote kwenye mfereji wake; huwa inalala chini, nyeusi, ikifanana na chuma.

Halafu swichi ya presha. Chomoa waya wake. Oili ndani ya kichwa cha waya ni hukumu tosha. Ukiweka mpya, tepu ya nyuzi iwe raundi moja au mbili tu, kwa sababu swichi yenye waya mmoja hupata ardhi kupitia nyuzi zake, na tepu nyingi huizima.

Kisha kagua kula ya oili (kifaa cha kupoza oili), washa za shaba za mabomba, na hozi. Kunja hozi kidogo; mipasuko ikifunguka, ondoa. Angalia pale bomba linaposuguana na mabano. Usifunge hozi ya presha kwa mpira wa tairi na klipu, hata kwa safari fupi.

Wenye injini za zamani za Detroit Diesel za mipigo miwili watakuta vibomba vidogo ubavuni vinavyotoa oili kidogo. Hivyo ni vya kumwagia uchafu wa chumba cha hewa, na viliwekwa kiwandani kwa kazi hiyo. Usivizibe.

Dalili: oili kwenye hozi za tabo

Utando mwembamba ndani ya hozi ya hewa ni kawaida, hasa pale bomba la kupumulia linapoishia humo. Dimbwi siyo kawaida. Anza na filta ya hewa. Ikiziba, tabo inavuta oili kupitia sili yake. Fuata bomba la kurudishia oili kutoka kwenye tabo, maana likibanwa au likijaa kaboni oili inakosa pa kwenda. Kuacha injini ikinguruma saa nzima bila mzigo nako kunachangia.

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa hozi, shika shafti, itikise. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida. Kugusa nyumba yake, au kusogea wazi mbele na nyuma, tabo imekwisha. Usiwashe injini hozi ikiwa imetolewa.

Onyo lenye uzito: tabo ikipasua sili, injini ya dizeli inaweza kuanza kuunguza oili yake yenyewe. Inapiga resi peke yake na kuzima swichi hakusaidii. Ukiwa kwenye kebini ya lori la gia za mkono, bana breki, weka gia ya juu kabisa, achia klachi ili uinyonge. Ukiwa nje, kimbia. Usizibe mdomo wa hewa kwa mkono.

Dalili: oili inatoka ukifungua tangi la upepo

Unyevu wenye oili chembe ni wa kawaida. Oili inayoonekana kila unapomwaga tangi inatoka kwenye kompresa: ringi zimelika, njia yake ya kurudishia oili imeziba, au hewa inayoingia imebanwa. Mpira wa vali za breki hauvumilii oili. Hapa usijaribu lolote. Lipeleke lori kwa fundi wa breki.

Dalili: ardhi kavu, oili inapungua

Moshi wa bluu asubuhi au ukishuka mlima bila kukanyaga mafuta unaonyesha oili inaungua. Kama hakuna moshi, fungua rediata ikiwa baridi. Oili inayoelea juu huelekeza kwenye kula ya oili. Na kama kiwango kinapanda, huenda dizeli inaingia kwa kupasuka mpira wa pampu ya kuvutia mafuta, au maji yanaingia. Usiwashe. Oili iliyochujuka haibebi beringi.

Kuhusu dawa za kuzuia uvujaji

Zile za kumimina kwenye oili huvimbisha mpira uliokauka, na kwa jasho la sili ya zamani zinaweza kukununulia miezi. Kwa koki, kamba, bati lililopinda au mpira uliochanika hazifanyi kitu. Oili nzito kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini siyo dawa pia. Inachelewa kufika juu asubuhi ya baridi, na unalipia gasketi kwa beringi.

Baada ya kutengeneza

Safisha tena, nyunyiza poda tena. Gasketi za koki zikague injini ikiwa baridi baada ya kilometa 50 hivi na uongeze mkazo mdogo mara moja tu. Ungio la silikoni likishakauka usiliguse. Pima oili kila asubuhi kwa wiki ya kwanza. Kama baada ya kilometa 500 poda bado nyeupe na kijiti hakijashuka, futa, rudisha kartoni chini ya lori usiku mmoja wa mwisho, na asubuhi uitupe.